Gari linakula maji, lakini chini ni pakavu

SWALI

Shikamoo fundi,

Nina gari la petroli ambalo limeshapita miaka 20 barabarani. Alilitumia mama kabla hajanikabidhi, na kwa jinsi alivyolitunza, bodi bado imara na injini inawaka mara moja. Linanisumbua kwa jambo moja tu: linakula maji, tena kwa vipindi. Naweza kukaa wiki kadhaa, kila asubuhi nikifungua rejeta nakuta imejaa mpaka shingoni, hadi najisahau. Halafu siku moja nafungua, maji hayaonekani hata nikimulika tochi. Najaza, mambo yanatulia, kisha baada ya muda yanajirudia yale yale.

Chini ya gari sijawahi kukuta dimbwi. Nimetandika boksi usiku, asubuhi kavu. Nilichogundua ni kwamba nikizunguka mjini tu, hayapungui. Yakipungua, mara nyingi ni baada ya safari ndefu, gari limejaa watu na mizigo, na njia ina vilima. Nikiegesha baada ya safari ya namna hiyo nasikia harufu tamutamu mbele ya boneti, halafu inapotea. Mshale wa joto haujawahi kupita katikati. Mara moja tu, tukiwa tunapanda mlima usiku na nimewasha hita, hewa ya moto iligeuka ya baridi ghafla, baadaye ikarudi. Kijitanki cha pembeni nacho kimejaa muda wote, ndiyo maana nilichelewa kujua kwamba kuna tatizo.

Fundi wa kwanza alibadilisha mpira wa juu wa rejeta na klampu zake. Alipokuwa kazini nilimwonyesha ukoko mweupe wenye ukijani ubavuni mwa rejeta, akaufuta kwa kitambaa akasema ni uchafu wa zamani. Wa pili alinishauri nimwage dawa ya kuziba ndani ya rejeta. Nimeinunua, bado sijaitia. Wa tatu aliwasha injini mfuniko ukiwa wazi, akaona mapovu, akasema hedi gasketi, yaani kizibio kinachokaa chini ya hedi (sehemu ya juu ya injini), imekwisha na injini lazima ifunguliwe. Gharama aliyonitajia inakaribia bei ya gari lenyewe. Mume wangu anasema tuliuze kabla halijatufia njiani.

Mimi nataka kulitunza. Nimwamini nani kati ya hawa? Kuna namna ya kujua maji yanapotokea bila kuendelea kubadilisha vipuri kwa kubahatisha? Na wiki chache zijazo tuna safari ya familia, ni mbali, na watoto watakuwemo. Tuende nalo?

Mwenye gari la mama

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mawili yasiyosubiri. Usiruhusu injini ifunguliwe kwa ushahidi wa mapovu peke yake, na ile chupa ya dawa ya kuziba iache ilivyo, imefungwa. Sababu nitazieleza. Kabla ya hapo naomba tuisome barua yako pamoja, kwa sababu wewe umeliangalia gari lako kwa makini kuliko mafundi wote watatu, na sehemu kubwa ya jibu umeshaiandika mwenyewe.

Uvujaji unaokuja na kuondoka una masharti yake. Kuna unaotaka joto, kuna unaotaka presha, kuna unaotaka injini izunguke kwa kasi fulani, na kuna unaotokea alfajiri kwenye baridi tu, mipira na klampu zikiwa zimesinyaa. Masharti yakitimia maji yanatoka. Yasipotimia, mahali pale pale pakavu kabisa. Fundi anayeliangalia gari likiwa limepoa na kusimama anatafuta kitu ambacho kwa wakati huo hakipo, na hapo ndipo kubahatisha vipuri kunapoanza. Wewe masharti ya gari lako umeshayataja: safari ndefu, mzigo, vilima. Yaani mfumo ukiwa umefikia joto lake kamili na presha yake kamili.

Presha hiyo inatokana na kulanti yenyewe, yaani yale maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Ikipata joto inatanuka, na mfuniko wa rejeta unaizuia isitoke. Tazama juu ya mfuniko wako, utakuta namba: 0.9 au 1.1, au 88 na 108 kama ni kwa kilopaskali, au 13 na 16 kama ni kwa psi. Hiyo ndiyo presha ambayo mfuniko unaishikilia kabla ya kuachia, na kazi yake ni kubwa. Mchanganyiko wa nusu maji nusu kulanti, ukiwa wazi, huchemka kwenye takriban nyuzi 107 za Selsiasi. Ukibanwa kwa presha ya bar 1 hauchemki mpaka upite nyuzi 125. Mfuniko ukichoka, nafasi yote hiyo ya usalama inapotea, na gari ambalo mjini halina neno linaanza kutema maji mlimani.

Sasa njoo kwenye kijitanki cha pembeni. Umekitaja kwa kupita tu, lakini mimi ndicho kilichonisimamisha. Mfuniko wa rejeta wa magari ya aina yako una vali mbili. Kubwa, yenye springi, huiachia kulanti iliyotanuka iende kwenye kijitanki kupitia kile kimpira chembamba cha shingoni. Ndogo, ile ya katikati, hufunguka gari linapopoa ili kulanti ile ile ivutwe irudi kwenye rejeta. Kwa hiyo gari likiwa zima, kijitanki hupanda kidogo likipata joto na kushuka likipoa. Likipungukiwa maji, kijitanki ndicho kinachopungua kwanza, rejeta inabaki imejaa. Kwako ni kinyume: rejeta tupu, kijitanki kimejaa. Maana yake ni kwamba rejeta ilipopoa na kuvuta, haikuvuta kulanti, ilivuta hewa, na hewa hiyo kuna mahali ilipoingilia. Vinginevyo ile vali ndogo imegoma kufunguka, na kulanti iliyokwenda kwenye kijitanki haina njia ya kurudi.

Mahali penyewe ni pachache. Mpira wa kuzibia wa mfuniko unaweza kuwa umekauka na kukakamaa. Kile kimpira chembamba kinaweza kuwa kimepasuka, kimelegea shingoni, au ncha yake haifiki kwenye maji ndani ya kijitanki. Ama kuna ufa mahali fulani ambao gari likiwa la moto unatoa maji, na likipoa unaingiza hewa kupitia tundu lile lile. Kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua boneti uutazame mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta umebonyea, kuta zake zimenyonywa ndani, basi ni ile vali ndogo imeganda, au kimpira chembamba kimeziba.

Ndiyo maana kipuri kimoja ambacho nakuruhusu kukibadilisha kabla ya kupima chochote ni mfuniko. Ni kitu kidogo, unachakaa kwa kawaida, na ukichakaa hautengenezeki. Nunua wenye namba ile ile iliyoelekezwa kwenye kitabu cha gari. Asitokee mtu akakupa wenye namba kubwa zaidi ati ushike vizuri. Presha ikizidi, plastiki za miaka 20 na hita ya miaka 20 ndizo zitakazopasuka. Ukiwa hapo pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa shingo ya rejeta, pale mpira wa mfuniko unapokalia. Pakiwa na mikwaruzo, kutu au magamba, hata mfuniko mpya hautaziba.

Halafu kuna ule ukoko. Nilisikitika kusoma kwamba ulifutwa, kwa sababu ndio uliokuwa shahidi. Kulanti ikivuja juu ya kitu cha moto, maji yake yanakuwa mvuke na kupotea, lakini rangi na kemikali za kuzuia kutu hazigeuki mvuke. Zinabaki pale pale zimekauka, nyeupe au za kijani au za waridi kutegemea kulanti uliyotia. Nenda uchunguze mahali ulipouona. Rejeta nyingi za rika la gari lako zina tumbo la alumini na pande mbili za plastiki, zilizobanwa kwa vijino vya alumini vilivyokunjwa, katikati pakiwa na mpira wa kuzibia. Plastiki ile huanza nyeusi. Ikipikwa na joto miaka mingi inageuka kahawia na kukakamaa, na mpira wa katikati nao unapoteza unyumbufu wake. Plastiki na alumini hazitanuki kwa kiasi kimoja. Gari likipata moto, kiungio kinaachia upenyo kama wa unywele. Likipoa kinajibana, na wewe unakuta pakavu. Pitisha tochi kwenye mstari huo wa vijino kuanzia juu mpaka chini, pande zote mbili. Ukoko ukiwa umerudi tangu ulipofutwa, hata ukiwa mdogo kama kucha, basi si uchafu wa zamani.

Dimbwi hukulikuta kwa sababu mahali kama hapo panavuja gari likiwa kwenye mwendo. Upepo unayasukuma matone nyuma, yanatua kwenye injini ya moto, yanakauka kabla hayajafika chini. Kama chini ya injini kuna kinga ya plastiki, yale machache yanayoponyoka yanabaki juu yake. Harufu tamutamu uliyoisikia ni kulanti ikiungua. Boksi lako halikukudanganya, lakini lilikuwa linasubiri usiku, wakati maji yanatoka mchana barabarani.

Ukinilazimisha kutaja mshukiwa, nitataja kiungio hicho cha rejeta, au mfuniko, au vyote viwili kwa pamoja. Hata hivyo sitaki ununue rejeta kwa neno langu mimi niliye mbali. Nataka uyaone maji yakitoka, na unaweza kuyaona bila kufungua kitu.

Anza na gari lililolala usiku kucha. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi gari likiwa la moto, kwa sababu yoyote ile. Presha ikiachia, kulanti ya moto inaweza kuchemka papo hapo na kuruka usoni. Ukitaka kujua, minya mpira wa juu: ukiwa mgumu au wa moto, ondoka. Ukiwa umepoa na unaminyika, fungua, jaza mpaka shingoni, weka kijitanki kati ya alama zake mbili, na ubandike utepe kwenye usawa wa maji. Kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu sehemu zote unazozitilia shaka, halafu kaushia: kiungio cha rejeta, shingo, mipira yote pamoja na ile myembamba inayokwenda kwenye hita, kasha la thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuipitisha kulanti kwenye rejeta), pampu. Usipige injini kwa maji ya presha. Utalowesha waya na utasambaza alama ulizotaka kuziona. Matambara yenye kulanti na maji yoyote yatakayomwagika yaweke mbali na watoto na wanyama. Ethilini glaikoli, kemikali iliyo ndani ya kulanti nyingi, ni tamu mdomoni, na ni sumu inayoharibu figo.

Sasa litimizie gari masharti yake. Weka mzigo, tafuta mlima, endesha mpaka injini iwe imepata joto hasa, ukibaki karibu na mahali unapoweza kusimama kwa usalama. Ukifika, egesha, acha injini ikiunguruma, fungua boneti utazame kwa tochi na kioo kidogo cha mkono, vidole na nguo vikiwa mbali na mikanda na feni. Kisha zima, na usiondoke. Watu wengi hufunga boneti hapo, na dakika zile ndizo zenye maana kuliko zote. Injini ikizimwa, pampu inaacha kusukuma, lakini joto la chuma linaendelea kuingia kwenye kulanti iliyosimama, kwa hiyo joto na presha vinaweza kupanda zaidi kwa muda. Uvujaji uliojificha safari nzima unaweza kujitokeza hapo: utasikia mchirizo mwembamba wa sauti, utaona mvuke, au tone linajitengeneza polepole kwenye kijino kimoja. Kaa nalo kama robo saa. Kumbuka feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Ukiona unyevu, usihukumu kile kilicholowa zaidi. Maji yanashuka na upepo unayarudisha nyuma, kwa hiyo palipolowa sana mara nyingi ni mwisho wa njia. Fuata mpaka ufike pa juu kabisa na mbele kabisa penye unyevu. Na kama uliwasha kiyoyozi, maji meupe yasiyo na harufu yanayodondoka chini ya upande wa abiria ni ya kiyoyozi, hayahusiki.

Kama yote hayo hayakuonyesha kitu, nenda kwa fundi mwenye pampu ya kupimia presha ya rejeta. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko. Mwambie mapema unataka kipimo cha namna gani, kwa sababu wengi hupima gari likiwa baridi, mshale ukasimama kwa dakika tano, wakakwambia gari zima. Kwa gari lako hicho ni kipimo nusu. Aanze hivyo hivyo baridi, apige mpaka namba ya mfuniko na si zaidi, asubiri kama robo saa. Kisha, pampu ikiwa bado imefungwa pale pale ilipofungwa gari likiwa baridi, awashe injini ipate joto huku akiilinda geji isipite ile namba. Mwisho azime, aliache lipoe polepole na presha ikiwa ndani. Upo uvujaji unaojitokeza katika kupoa tu, chuma kinaposinyaa na mpira mkavu ukashindwa kukifuata. Mfuniko nao una kiungio chake cha kuupimia kwa pampu hiyo hiyo. Upimwe, hata huo mpya.

Na kama mshale wa geji ya pampu hiyo unashuka lakini nje pakavu, maji yanakwenda ndani. Weka mkono chini ya zulia la mbele, hasa upande wa abiria, uone kama pana utelezi. Kioo cha mbele kinachofanya ukungu wa mafuta-mafuta wenye harufu tamu ukiwasha hita ni dalili ya hita inayovuja. Pampu ya maji ina kitundu kidogo kwa chini kilichowekwa makusudi: sili ikianza kuchoka, maji hutokea hapo kabla beringi haijafa. Alama ya mchirizo mkavu kwenye kitundu hicho inatosha kuibadilisha pampu, na kama pampu yako inazungushwa na mkanda wa taimingi, usiicheleweshe, maana maji yakilowesha mkanda huo injini iko hatarini. Ipo pia rangi maalumu inayotiwa kwenye kulanti, ukiendesha siku kadhaa kisha ukamulika kwa taa ya urujuanimno, njia nzima ya maji inang'aa. Kwa uvujaji wa vipindi naipenda kwa sababu inasubiri yenyewe. Wewe unakuja kuangalia baadaye.

Sasa mapovu ya fundi wa tatu. Sitaki kumdharau, kwa sababu hedi gasketi inayoanza kuachia nayo huonyesha tabia yake kwenye mlima na mzigo, presha ya mwako ikiwa kubwa. Tatizo ni kwamba mapovu yana maana mbili. Rejeta yako ilikuwa imevuta hewa, ikajazwa juu juu, hewa ikabaki imenaswa kwenye hita na kwenye hedi. Ukiwasha mfuniko ukiwa wazi, thamostati ikifunguka, katika magari mengi kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, hewa ile inatoka kwa mapovu. Mapovu ya hewa yanapungua na kuisha. Mapovu ya gesi ya mwako hayaishi, na ukipiga resi yanaongezeka.

Kutofautisha hayo hakuhitaji kufungua injini. Kuna kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta, hewa ya rejeta inapitishwa ndani yake, na kama ina gesi ya mwako wa petroli, buluu inageuka manjano. Kifanywe gari likiwa limepata joto lakini kiwe kimewekwa tangu likiwa baridi, na usawa wa kulanti upunguzwe kidogo isije ikanyonywa humo. Kikibaki buluu, kirudie baada ya safari ya mlimani, kwa sababu gasketi inayovuja kwa vipindi inaweza kujificha siku moja. Nyumbani unaweza kuongeza ushahidi wako: asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa na uushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla hata haujapata joto, kuna presha isiyotokana na joto. Angalia pia moshi mweupe wenye harufu tamu unaoendelea hata injini ikishapata moto, injini inayotetemeka sekunde chache za mwanzo kisha ikatulia, na plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili nzito. Utando huo chini ya kifuniko cha oili peke yake si dalili nzito, safari fupi fupi zinaweza kuuleta.

Vipimo hivyo vikisema ni gasketi, mrudie fundi wa tatu bila kinyongo, na hedi ipimwe kama imepinda kabla haijarudishwa. Visiposema, umeokoa gharama yote ile.

Dawa ya kuziba nimekukataza kwa sababu haijui kuchagua. Inaziba penye upenyo, na vijia vya ndani ya hita na rejeta ya zamani iliyojaa magamba navyo ni vyembamba. Kiungio cha plastiki kinachofunguka na kujibana kila siku hakitashikwa nayo kwa muda mrefu, na wakati huo huo imeshachafua vipimo vyote nilivyokutajia.

Jambo ambalo hukuniambia ni unajaza nini. Kama miezi yote hii umekuwa ukiongeza maji matupu, mchanganyiko wako umepauka, kinga dhidi ya kutu imepungua, na alumini inaliwa kutoka ndani. Uvujaji ukishatengenezwa, mwaga yote, suuza, utie kulanti iliyotajwa kwenye kitabu cha gari pamoja na maji yaliyotolewa madini. Usichague kwa rangi. Watengenezaji wawili wanaweza kutia kijani kile kile kwenye kemikali tofauti. Baada ya kujaza, toa hewa vizuri, hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho.

Kuhusu mshale ambao haujawahi kupita katikati, tafadhali usiutegemee. Katika magari mengi umetengenezwa utulie katikati kwa masafa mapana ya joto, na kibaya zaidi, sensa yake inapima kulanti iliyoigusa. Kulanti ikishuka chini yake, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kukaa pale pale, hata kushuka, huku injini inaungua. Ile hewa ya hita iliyogeuka baridi mlimani ndiyo iliyokuwa onyo la kweli: kulanti ilikuwa imepungua kiasi kwamba haikufika kwenye hita. Mlikuwa karibu na kupindisha hedi usiku ule.

Kwa hiyo safari ya familia iwe hivi. Gari lisiende kama lilivyo leo. Uvujaji uonekane, utengenezwe, kisha ufanye safari ya majaribio yenye mzigo na mlima, wewe peke yako au na mume wako, watoto wakiwa nyumbani. Asubuhi yake likiwa limepoa, fungua: rejeta iwe imejaa mpaka shingoni na kijitanki kiwe kwenye utepe. Rudia mara nyingine baada ya siku kadhaa. Vipimo vyote viwili vikiwa sawa, nendeni nalo, na mwambie mume wako rejeta au mfuniko si sababu ya kuuza gari lenye injini nzima. Kimoja kikikataa, tafuteni usafiri mwingine kwa safari hii.

Na mkiwa njiani, hita ikibadilika kuwa baridi tena, usingoje mshale. Simama mahali salama, zima, fungua boneti, uliache lipoe mpaka mpira wa juu uminyike kwa mkono mtupu, hata ikichukua saa nzima. Ndipo ufungue mfuniko na ujaze, polepole.